Vitabu vya kufunza vibonzo visidharauliwe

Kuna dharau iliyozoeleka miongoni mwetu kila inapotajwa kazi ya kuchora vibonzo. Mzazi amwonapo mwanawe ameinamia karatasi akichora mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu ya njiti, humwambia aache upuuzi ashike kitabu. Na iwapo kitabu alichokishika mtoto huyo ni kile kinachofundisha namna ya kumchora mtu wa kichwa kikubwa, basi dharau huwa maradufu. Wajuzi wa sanaa nao, ambao tungetarajia wamtetee, humshambulia kutoka upande wa pili. Wao hushikilia kwamba mchoraji huzaliwa na kipawa chake, hafunzwi, na kwamba anayefuata maduara na mistari ya kitabu atabaki kuwa mwigaji maisha yake yote.

Sikubaliani na mzazi wala na wajuzi hao. Nimezunguka vya kutosha Kibera na Kawangware nikaona nani anachora na anachorea nini, na nimeshawishika kwamba vitabu hivi, pamoja na kasoro zake ambazo nitazieleza bila kuficha, vina manufaa zaidi kwa kijana wa Laini Saba au Gatina kuliko kwa mtoto anayesomea shule yenye chumba cha sanaa na mwalimu wake. Huyo wa pili ana wa kumwuliza. Wa kwanza ana ukuta, kipande cha makaa na macho yake basi.

Hebu tutazame kwanza kitabu cha aina hii hufanya nini hasa, kwa maana wengi wanaokitukana hawajapata kukifungua.

Mtoto asiyefunzwa huanza kuchora kwa jicho. Huchora jicho moja, kisha la pili, kisha pua na mdomo, na mwisho huzungusha uso kuvizingira vyote kama mtu anayefunga mzigo. Matokeo yake ni kwamba paji la uso hukosa nafasi, na macho hupanda juu hadi yakakaribia nywele. Kitabu humwonyesha kwamba kichwa hutangulia. Chora duara, ongeza taya chini yake, pitisha mstari wa wima katikati na mwingine wa mlalo. Macho hukaa juu ya ule wa mlalo, nusu ya njia baina ya utosi na kidevu. Jambo hilo la nusu ya njia humshangaza kila alisikiaye kwa mara ya kwanza, na msomaji asiyeamini anaweza kusimama mbele ya kioo na rula akajipima mwenyewe. Kisha kitabu humwambia mwanafunzi aupinde ule mstari wa wima kidogo upande wa kulia, kana kwamba umechorwa juu ya mpira, na ghafla kichwa chote kimegeuka kutazama upande. Huo ni ugunduzi ambao mtu akiachwa peke yake anaweza kumaliza miaka mitatu kabla ya kuufikia, au asiufikie kamwe. Kitabu humpa kwa alasiri moja.

Baada ya kichwa huja kipimo cha mwili. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na kitu, na kibonzo cha mtoto hutosha kwa vichwa viwili au vitatu. Anayejua hayo hujua pia kwa nini mhusika wake mmoja huonekana mwoga na mwingine mbabe kabla hata hajawachora nyuso. Kisha huja hisia, na hapa ndipo vitabu hivi hupendeza kuliko mahali pengine popote. Chukua aina nne za nyusi: zilizoinuka, zilizolala, zilizokutana katikati kwa hasira, na zilizoning'inia kwa huzuni. Chukua na aina nne za midomo. Changanya kila nyusi na kila mdomo, nawe utakuwa na nyuso kumi na sita, na miongoni mwazo utamkuta mwenye nyumba anayedai kodi, mpangaji anayedaiwa, na jirani anayesikiliza ukutani akijifanya anapepeta mchele.

Elimu hii si ya juzi. Mjapani Hokusai alitoa mnamo 1812 kitabu chake cha masomo ya haraka ya kuchora, akionyesha jinsi watu na wanyama wanavyojengwa kwa maduara na miraba. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva aliyekuwa na shule yake ya bweni, alichapisha mwaka wa 1845 insha akidai kwamba mtu yeyote anaweza kujifunza kuchora uso unaosema kitu, bila ya kupitia chuo cha sanaa, mradi awe tayari kuchora uso mmoja, kuubadilisha kidogo, na kujiuliza ni nini kimegeuka. Mmarekani Andrew Loomis alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka wa 1939, na hilo duara lenye mistari miwili ambalo vijana wetu hulichora leo, wengi bila kujua limetoka wapi, lilienea sana kwa mkono wake. Stan Lee na John Buscema walifuata mwaka wa 1978 na kitabu chao cha mashujaa wenye misuli. Kwa hiyo yule anayesema kwamba kufuata kitabu ni kukosa kipawa, ana kazi ya kumweleza Hokusai.

Hapa kwetu kitabu cha kwanza cha kuchora kilikuwa gazeti. Kwa miongo mingi Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo, na sijui ni watoto wangapi walimnakili Juha huyo kwa kutumia karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia ili ipitishe mwanga, ile tuliyoitumia shuleni kunakilia ramani ya Afrika. Ng'ambo ya mpaka, Christian Gregory alikuwa na Chakubanga wake katika gazeti la Uhuru, na baadaye jarida la Sani likawapa Watanzania akina Ndumilakuwili na Madenge. Mnamo 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe jijini Nairobi, na huyo Joe, mtu wa kawaida wa mjini anayecheka ili asilie, akanakiliwa na vijana ambao hawakuwahi kumwona Hirst kwa macho.

Napenda kusimama kidogo kwa Hirst, maana kisa chake kinajibu ile hoja ya kipawa cha kuzaliwa. Alikuwa Mwingereza aliyekuja Kenya katika miaka ya 1960 akiwa mwalimu wa sanaa. Marehemu Frank Odoi, aliyefariki katika ajali ya matatu mwaka wa 2012, alikuwa Mghana. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, aliyeanza kuchorea Daily Nation mwaka wa 1992, ni mzaliwa wa Dar es Salaam, na kabla ya hapo aliingia chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyezaliwa Nairobi, na bado wao ndio waliotuonyesha jinsi Mnairobi anavyosimama, anavyoshika mfuko wake mjini na anavyomkwepa askari wa kanjo. Walijifunza. Iwapo mgeni anaweza kufundishika sura yetu, inakuwaje mwenyeji wa Makina aambiwe kwamba hafundishiki?

Hata hivyo, kunakili gazeti kuna mwisho wake. Gazeti humwonyesha mwanafunzi mhusika aliyekwisha kuoga, kuvaa na kutoka nje. Hakumwona akiamka. Maduara na mistari iliyomjenga imefutwa zamani na mchoraji, na mtoto anayenakili hujua jinsi Juha alivyokaa siku hiyo tu, asijue atakaaje kesho akipanda mkokoteni. Kitabu cha mafunzo ndicho pekee kinachoacha mifupa ionekane.

Nilipata ushahidi wa hayo Kawangware, si mbali na kituo cha matatu za 46. Yupo kijana huko, ambaye sitamtaja jina, achorae kuta za vibanda. Alinionyesha daftari lake, nami nikashangazwa na mikono ya watu wake. Vidole vilishika vitu kwa uzito unaostahili. Mwanamke aliyebeba mtungi alipinda kiuno upande ule ule ambao kiuno cha mwanamke aliyebeba mtungi hupinda. Lakini nyuso zote zilikuwa zimekufa. Zilikuwa nyuso za watu waliopigwa picha ya kipande. Nilipomwuliza alijifunzia wapi, alitoa kitabu kisicho na jalada alichokinunua katikati ya jiji, kwa wale wauzao vitabu vikuukuu juu ya turubai kando ya njia, ambako mnunuzi hulazimika kuinama ndiyo maana watu wakapaita duka la inama. Kitabu kilianzia ukurasa wa 21. Kurasa 20 za kwanza, ambazo bila shaka ndizo zilizofunza kichwa na uso, ziling'olewa kabla hakijavuka bahari. Sijapata kuona hoja ya wazi kuliko hiyo kuhusu kazi ya vitabu hivi. Pale kitabu kilipokuwepo, mkono wa kijana ulikuwa hai. Pale kilipokosekana, kipawa chake chote hakikutosha kuziba pengo.

Sasa nije kwenye kasoro, maana nisipozitaja nitaonekana mchuuzi.

Vitabu vingi vinavyotufikia vimeandikwa Marekani, na siku hizi vingine vimetokana na mtindo wa Kijapani. Vimemchukua mtoto mmoja, wa huko, vikamfanya kuwa mtoto wa dunia nzima. Pua yake ni nukta. Nywele zake ni shungi linaloanguka juu ya paji, na kitabu hutumia kurasa nne kumfunza mwanafunzi jinsi shungi hilo linavyopeperushwa na upepo. Nywele zetu hazipeperuki. Zina umbo la wingu, au zimesukwa mistari inayofuata mzingo wa fuvu, na kuchora mistari hiyo ipasavyo ni somo gumu na tamu ambalo kitabu hakina habari nalo. Kwa sababu hiyo utaona daftari la msichana wa Kibera limejaa wasichana wenye nywele ndefu za mawimbi na macho makubwa ya samawati, nao wote wana majina ya kizungu. Nilipomwuliza mmoja kwa nini hamchori nyanya yake, alinijibu kwamba nyanya hachoreki. Alimaanisha kuwa hakuna ukurasa wake. Bibi huyo ni Mnubi wa Makina, avaaye gurbaba na kuketi kwenye kigoda mlangoni. Ukiniuliza mimi, hakuna mtu anayechoreka kama yeye katika mtaa mzima.

Mandhari nayo ni vivyo hivyo. Nyumba ya kitabuni imesimama peke yake, ina bomba la moshi, ua na mti mmoja. Nani huishi humo? Kijana wa Gatwekera anahitaji kufunzwa jinsi ya kuchora paa mia za mabati zinazopandana, zenye kutu, zilizowekewa mawe na matairi ili upepo usizibebe, na nyaya zinazopita juu yake kama uzi wa buibui mlevi. Anahitaji kujua jinsi njia nyembamba iendayo mbali inavyochorwa ikiwa pande zote mbili kuna kuta, na jinsi reli inavyokata katikati ya mtaa huku watu wakitembea juu yake. Kanuni ya umbali ambayo kitabu hufunza kwa kutumia barabara kuu ya Marekani ni ile ile inayoitawala reli ya Kibera. Lakini mwanafunzi huachwa aivushe kanuni hiyo peke yake, na wengi huchoka kabla hawajavuka.

Mtaani kuna soko la michoro hii. Ukitoka Toi ukafuata Kibera Drive, au ukizunguka Kawangware kutoka Kongo hadi Stage 2, utaona kwamba mitaa hii imevikwa picha. Mwenye kinyozi huagiza vichwa vinne ukutani, kila kimoja na mkato wake. Mwenye hoteli huagiza sahani ya chapati inayofuka mvuke. Mwenye bucha huagiza ng'ombe anayecheka, jambo ambalo sijapata kulielewa, kwani ng'ombe huyo ana sababu chache mno za kucheka. Na nimemwona kuku aliyevaa kofia ya mpishi akiwakaribisha wateja kwa ukunjufu kwenye karamu ya nyama yake mwenyewe. Hivi vyote ni vibonzo. Kuna watu wanaolipa kodi ya nyumba na karo za watoto kutokana navyo.

Na kutoka katika kazi hiyo ya mabango wametokea wasanii wa kuheshimiwa. Mnamo 2001 wachoraji mabango wawili wa Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kundi la Maasai Mbili, jina walilolipata kwa kutembea wamevaa shuka za Kimaasai ilhali wao si Wamaasai. Kazi za kundi hilo zimeonyeshwa hadi Ulaya. Mwenzao Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo7, ndiye aliyezunguka Kibera wakati wa ghasia za mwanzoni mwa 2008 akiandika kwa rangi ujumbe wa amani kwenye kuta, mabati na reli. Hawa hawakuandaliwa na chuo chochote kikubwa. Lakini si kila mchoraji bango atakuwa Maasai Mbili, na huyo wa kawaida ndiye ninayemhofia.

Hofu yangu ina sababu. Bango la rangi na brashi limepata mshindani. Mwenye duka leo huenda mjini akachapiwa tambara la plastiki kwa kompyuta kwa siku moja, lenye picha ya sahani iliyotolewa mtandaoni. Na tangu 2022 zimeenea programu zinazotoa picha yoyote mtu anayoitaja kwa maneno. Mchoraji ambaye kazi yake ilikuwa kunakili herufi na kichwa cha mwanasoka kutoka gazetini amekwisha kunyang'anywa tonge. Anayebaki na nafasi ni yule anayeweza kubuni: amtazame mwenye hoteli, Mama fulani mwenye kicheko na mapengo, na amgeuze kuwa mhusika ambaye kila mpita njia atamtambua na kucheka. Kompyuta haimjui Mama huyo. Lakini kubuni mhusika na kumchora akiwa amesimama, ameketi na amegeuka, bila kupoteza sura yake, ndiyo kazi ambayo haiwezekani kwa kunakili. Hiyo ndiyo kazi inayofunzwa na vitabu vya vibonzo. Mwaka wa 2010 jarida la Shujaaz lilipoanza kusambazwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, na mhusika wake Boyie akawa anajulikana nchini kote, lilihitaji wachoraji wanaoweza kumchora kijana huyo huyo paneli baada ya paneli, mwezi baada ya mwezi. Kazi kama hiyo humtaka mtu aliyezoea mifupa ya mhusika.

Nasikia msomaji akisema kwamba zama za vitabu zimekwisha, mbona masomo ya kuchora yamejaa katika simu. Ni kweli yamejaa, na mengine ni mazuri sana. Lakini tuwe wakweli kuhusu simu ya Kibera. Aghalabu ni moja kwa nyumba nzima, na ina mwenyewe, naye anaitaka arudipo jioni. Video hula bando, na bando ni pesa ya mboga. Isitoshe, mkono wa mwalimu wa video huenda kwa kasi yake, si kwa kasi ya mwanafunzi; hutumia muda mwingi kujisifu na kuomba afuatwe, kisha hukimbia pale pagumu. Kitabu hukaa kimefunguka ukurasa wa 9 mpaka mwanafunzi aelewe ukurasa wa 9. Watoto sita wanaweza kukizunguka. Ukurasa wake unaweza kutolewa kivuli kwa shilingi chache, mwenye hakimiliki anisamehe, na kubandikwa ukutani mahali ambapo taa ya koroboi inafika. Siipingi simu. Nasema tu kwamba aliyekwisha kupita katika kitabu hufaidika na video, na asiyepita huishia kutazama.

Shule nazo? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 uliingiza sanaa na ufundi katika masomo yaliyotahiniwa kwenye darasa la nane. Baadaye somo hilo likaondolewa kwenye mtihani, na kwetu sisi kisichotahiniwa hakifunzwi. Kipindi chake kikawa cha hisabati. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, umeirejesha sanaa na hata kuipa mkondo wake katika shule za sekondari ya juu. Hilo ni jema. Lakini watoto wengi wa Kibera husomea shule ndogo zisizo za serikali, zenye vyumba vya mabati na walimu wanaofunza kila somo, na kumwambia mwalimu huyo afunze kuchora ilhali yeye mwenyewe hakufunzwa ni kumtwika mzigo usio na kata. Kitabu kizuri cha vibonzo kingemfaa mwalimu kabla ya kumfaa mwanafunzi.

Zipo hisani pia. Katika mtaa mmoja wapo nilikuta sanduku zima la vitabu vya kuchora vilivyoletwa na wahisani kutoka mbali. Vilikuwa vipya, vya rangi, na vya kuvutia. Kila kimoja kilimtaka mwanafunzi awe na penseli za aina tano, kalamu za rangi za pombe, karatasi nene na meza yenye taa. Vilikuwa vimefungiwa kabatini visichafuke. Sina la kuwalaumu walioleta, ila laiti wangeuliza mtu, wangeambiwa kwamba mchoraji wa huku hutumia upande wa ndani wa mfuko wa simiti, na kwamba michoro yake itatolewa kivuli katika mashine iliyochoka ambayo hula kila rangi ya kijivu. Anachohitaji kufunzwa ni mstari mmoja safi na weusi uliojaa. Juha Kalulu hakuwa na zaidi ya hayo.

Kwa hiyo dai langu ni kwamba tuandikiwe kitabu chetu. Nimepekua turubai za vitabu vikuukuu na rafu za maduka makubwa, na cha Kiswahili sijakutana nacho, ilhali Kiswahili kina maneno yote yanayohitajika: duara, duaradufu, mhimili, mlalo, wima, kivuli, kunjo, mzingo. Na kwa kuwa ni kitabu cha picha, maneno yenyewe hayatazidi mistari mitatu katika ukurasa. Kisiwe kikubwa. Kurasa 48 za karatasi ya gazeti, wino mweusi, na pini mbili mgongoni zingetosha, kiuzwe kwa bei ambayo mtoto anaweza kuichanga kwa majuma mawili.

Wachapishaji watanijibu kwamba kitabu kisichokuwa katika orodha iliyoidhinishwa kwa shule hakiuziki. Nawakumbusha kwamba mwaka wa 1996 kampuni ya Sasa Sema ilianza kuchapisha hapa Nairobi vitabu vya hadithi za vibonzo kwa Kiswahili, na mojawapo kilikuwa Abunuwasi cha Gado. Vilisomwa, tena na watoto ambao hawakulazimishwa na mtu. Baadaye vitabu hivyo vilichukuliwa na mchapishaji mkubwa zaidi, jambo ambalo nadhani mfanyabiashara hafanyi kwa mali isiyo na soko. Na kama hata hilo halimridhishi mchapishaji, basi gazeti lianze. Robo ya ukurasa kila Jumamosi: somo moja, michoro minne, kutoka duara hadi mhusika kamili. Baada ya mwaka mmoja kuna masomo 52, nacho kitabu kimekwisha kuandikwa.

Waandishi wake wapo. Tunao wachoraji wa magazeti wenye miaka thelathini kazini, ambao wanajua mambo ambayo hayajaandikwa popote: jinsi ya kumchora mwanasiasa kwa kitambi chake ili jina lisihitajike, na jinsi ya kuonyesha matatu imejaa bila kuchora abiria hata mmoja mzima. Wakiondoka na elimu hiyo tutaanza tena upya kwa vitabu vya shungi. Wasiandike peke yao, lakini. Wakae na wachora kuta wa Kawangware, ambao wanajua rangi gani hubakia baada ya masika na mchoro wa ukubwa gani huonekana kutoka ndani ya gari linalokwenda. Ukurasa wa mabati wampe mtu wa Gatwekera aukague. Na zile kurasa za nywele, badala ya nne ziwe sita, na kabla mchoraji hajashika kalamu aende akakae nusu siku katika kibanda cha msusi pale Toi, atazame mistari inavyoanzia kwenye paji na mahali inapopinda kufuata sikio.